Jackie Robinson: mstari mmoja wa hesabu, na mengi yasiyoandikwa

Na Mwandishi Wetu, Muscat

KILA ifikapo Aprili 15, wachezaji wa timu zote za ligi kuu ya besiboli ya Marekani huingia uwanjani na namba moja mgongoni: 42. Siku nyengine zote za mwaka namba hiyo haivaliwi na mtu. Iliondolewa rasmi mwaka 1997 katika timu zote za ligi, heshima ambayo mchezo huo haukuwahi kumpa mchezaji mwengine yeyote. Mtu anayefungua televisheni hapa Muscat siku hiyo, ambako mchezo wa mpira na gongo tunaoujua ni kriketi, anaweza kudhani mashine ya kuchapia fulana imekwama kwenye namba moja. Haikukwama. Wanamkumbuka marehemu Jack Roosevelt Robinson, maarufu Jackie.

Wasomaji wetu wengi, wa nyumbani na wa ughaibuni, hawana habari na besiboli, wala hatuwalaumu. Sisi wenyewe mchezo huo tumeujua ukubwani. Lakini Robinson si mtu wa Wamarekani peke yao. Jina lake limepita Nairobi katika siku za mwisho za ukoloni, na damu yake imefika mpaka Mbozi, kusini mwa Tanzania, kwenye mibuni. Kwa hivyo tumeona leo tuhadithie maisha yake, na tuanzie kwenye karatasi moja ya hesabu za mchezo.

Karatasi yenyewe

Anayejua kriketi hatapata tabu kuelewa. Kila mchezo wa besiboli huandikiwa jedwali: majina ya wachezaji upande wa kushoto, na mbele ya kila jina tarakimu zake. Amesimama kupiga mara ngapi, amepata mikimbio mingapi, amepiga mipira mingapi iliyomfikisha kituoni kwa salama, amewatoa wapinzani wangapi, amefanya makosa mangapi. Aliyelikuza jedwali hilo katika karne ya 19 ni Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akiripoti kriketi huko New York. Yaani karatasi ya besiboli ni mtoto wa daftari la kriketi, lile lile ambalo vijana wa Kihindi na Kipakistani hapa mjini hulijaza siku za Ijumaa kwenye viwanja vya vumbi.

Karatasi tunayoisema ni ya Jumanne, Aprili 15, 1947. Uwanja ni Ebbets Field, Brooklyn, New York. Wenyeji ni Brooklyn Dodgers, wageni ni Boston Braves. Watazamaji walizidi 25,000, na inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa watu weusi. Dodgers walishinda kwa mikimbio 5 kwa 3.

Tazama mstari wa pili wa wapigaji wa Brooklyn. Robinson, kituo cha kwanza. Amehesabiwa kupiga mara 3. Mkimbio 1. Mipigo salama 0. Wapinzani aliowatoa akiwa kituoni pake ni 11. Makosa 0.

Basi. Mtu akikupa karatasi hiyo bila ya kukwambia kitu, utasema huyu ni mchezaji wa kawaida aliyekuwa na siku ya kawaida, pengine chini ya kawaida. Hakupiga mpira hata mmoja wa maana. Wala hakuna safu inayosema kwamba mtu huyu alikuwa mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu tangu mwaka 1884, alipocheza Moses Fleetwood Walker. Miaka zaidi ya 60 mlango ulikuwa umefungwa. Na cha ajabu, haukufungwa kwa sheria. Hapakuwa na kifungu chochote katika kanuni za ligi kilichomkataza mtu mweusi kucheza. Ilikuwa ni makubaliano ya wenye timu, ya mdomo, ya kukonyezana. Sisi tuliotoka katika nchi za Afrika Mashariki tunaujua ukuta wa namna hiyo. Sheria iliyoandikwa unaweza kuipeleka mahakamani. Mkonyezo utaupeleka wapi?

Alikotoka

Robinson alizaliwa Januari 31, 1919, karibu na mji mdogo wa Cairo, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watano. Wazazi wake walilima shamba la mtu mwengine kwa kugawana mavuno, mtindo uliowaacha watu weusi wengi wa Kusini na madeni badala ya mavuno. Baba aliondoka nyumbani Jackie akiwa bado mchanga. Mama yake, Mallie, mwaka 1920 alikusanya wanawe, akapanda nao treni, akavuka bara zima mpaka Pasadena, California. Huko alifanya kazi ya kufua na kusafisha nyumba za watu, akawalea wote.

Familia hiyo ilikuwa na kipaji cha miguu. Kaka yake, Mack, alipata medali ya fedha ya mbio za mita 200 katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens peke yake. Aliporudi nyumbani na medali yake, kazi aliyoipata Pasadena ni kufagia barabara. Jackie aliliona hilo akiwa kijana, na hapana shaka lilimkaa rohoni.

Yeye mwenyewe alisoma katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na akawa mwanafunzi wa kwanza wa chuo hicho kutunukiwa nishani ya michezo minne: besiboli, mpira wa Kimarekani, mpira wa kikapu na riadha. Aliacha chuo mwaka 1941 kabla ya kupata shahada. Mwaka 1942 akaingia jeshini na mwaka uliofuata akawa luteni.

Julai 1944, katika kambi ya Hood huko Texas, dereva wa basi alimtaka ahame, akakae nyuma. Robinson alikataa. Jeshi lenyewe lilikuwa limeshakataza ubaguzi katika mabasi yake, na yeye akilijua hilo. Hata hivyo alishtakiwa, na Agosti mwaka huo akasimama mbele ya mahakama ya kijeshi. Akaachiwa huru. Ilikuwa miaka 11 kabla ya Rosa Parks kukataa kuinuka kwenye kiti cha basi huko Montgomery. Inafaa kulikumbuka tukio hilo, kwa sababu watu wengi humwona Robinson kama mtu mpole aliyejaaliwa subira. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkali, na subira aliyoionyesha baadaye ilikuwa kazi aliyojilazimisha.

Makubaliano na Rickey

Mwaka 1945 alicheza na Kansas City Monarchs katika ligi za watu weusi. Ligi hizo zilikuwa na wachezaji wa ajabu, lakini safari zake zilikuwa za basi usiku kucha, na mara nyingi mchezaji hakujua wapi atakula au kulala, kwani mikahawa na hoteli nyingi zilikuwa za wazungu tu.

Agosti 28, 1945, Branch Rickey, mkuu wa Brooklyn Dodgers, alimwita ofisini kwake. Mkutano ulichukua muda wa saa tatu hivi. Rickey alitaka kumsajili, lakini alitaka kwanza ahadi: kwamba atatukanwa, atasukumwa, atarushiwa mipira mwilini, na hatajibu, angalau mwanzoni. Akijibu mara moja tu, wale waliofunga mlango watasema tuliwaambia, watu hawa hawawezi. Robinson alikubali. Tusisahau kwamba Rickey alikuwa pia mfanyabiashara. Alijua kwamba wachezaji weusi watamletea ushindi, na watazamaji weusi watanunua tiketi. Wema na faida vilikaa katika kiti kimoja, na historia haikupungukiwa na kitu kwa hilo.

Msimu wa 1946 alipelekwa kwanza timu ya daraja la chini, Montreal Royals ya Kanada. Mchezo wake wa kwanza, Aprili 18, 1946, huko Jersey City, alipiga mipigo salama 4 katika mara 5, mmoja wao ukiwa ule wa kuzunguka vituo vyote, akaiba vituo 2, na Montreal ikashinda 14 kwa 1. Hiyo ndiyo karatasi ambayo mtu angeitarajia kwa shujaa. Lakini siyo inayokumbukwa. Inayokumbukwa ni ile ya sufuri, ya Brooklyn.

Zamu ya saba

Turudi basi Ebbets Field. Mrushaji wa Boston alikuwa Johnny Sain, mmoja wa warushaji wakubwa wa wakati ule. Mara ya kwanza Robinson alipiga mpira wa chini ukadakwa na kutupwa kituoni kabla hajafika. Mara ya pili alipiga juu, ukadakwa. Mara ya tatu mpira wake ulisababisha watu wawili kutolewa kwa mpigo mmoja, yeye na mwenzake. Hapo tayari ni sufuri katika tatu, na Boston wanaongoza 3 kwa 2.

Zamu ya saba, Eddie Stanky wa Brooklyn alikuwa tayari kituo cha kwanza. Robinson hakupiga kwa nguvu. Aliugusa mpira kidogo tu kwa gongo ukabingirika taratibu, kazi ya kumsogeza mwenzake kituo cha pili huku mpigaji mwenyewe akitolewa. Katika hesabu za besiboli, mguso wa kujitolea kama huo hauhesabiwi kuwa ni mara ya kupiga. Ndio maana karatasi inasema 3 na siyo 4. Lakini Robinson alikuwa na mbio. Earl Torgeson wa Boston aliuokota mpira akautupa kwa haraka, ukamgonga Robinson begani, ukapotelea pembeni. Stanky akafika kituo cha tatu na Robinson cha pili. Aliyefuata, Pete Reiser, akaupiga mpira mpaka kwenye ukuta wa kulia, na wote wawili wakarudi nyumbani. Mkimbio wa Robinson ndio uliowapa Brooklyn uongozi, 4 kwa 3, na hawakuupoteza tena.

Katika karatasi, kosa limeandikwa kwa Torgeson na mkimbio kwa Robinson. Hofu aliyoitia katika mkono wa Torgeson haina safu. Kwa miaka 10 iliyofuata huo ndio uliokuwa mchezo wake: anasimama kituoni, anachezesha miguu kama anayetaka kukimbia, mrushaji anababaika, mpira unakwenda sipo. Tarakimu zikaandikwa kwa majina ya wengine.

Wiki moja baadaye, Aprili 22, Philadelphia Phillies walifika Brooklyn. Meneja wao, Ben Chapman, na baadhi ya wachezaji wake walimtukana Robinson kwa rangi yake tangu mwanzo wa mchezo, matusi mabaya ambayo hatutayarudia hapa. Yule luteni aliyekataa kuhama kiti cha basi alisikia yote, akanyamaza. Zamu ya nane alipiga mpigo salama, akaiba kituo cha pili, mpira ukatupwa vibaya akafika cha tatu, kisha Gene Hermanski akapiga na Robinson akarudi nyumbani. Mchezo ukaisha 1 kwa 0. Mkimbio pekee wa siku nzima ulikuwa wake. Karatasi ya siku hiyo nayo ni nyeupe na safi. Matusi hayana safu.

Tunalisema hili si kwa kuibeza karatasi. Kinyume chake. Karatasi ile ilifanya jambo moja kubwa ambalo taasisi nyingi za Marekani ya 1947 hazikuthubutu: ilimwandika pamoja na wenzake, kwa kipimo kile kile. Haikumwekea ukurasa wa nyuma wala mlango wa uani. Sufuri yake ilikuwa sufuri sawa na ya mzungu, na mkimbio wake mkimbio sawa na wa mzungu. Haki ya kushindwa mbele ya watu na kuandikwa umeshindwa, kisha ukarudi kesho, ni haki ambayo walionyimwa tu ndio wanaoijua thamani yake.

Na kesho alirudi. Mwisho wa msimu wa 1947 wastani wake wa kupiga ulikuwa .297, yaani karibu mara 30 katika kila 100. Aliiba vituo 29, zaidi ya mchezaji yeyote wa ligi yake ya Taifa, akapewa tuzo ya mchezaji mpya bora. Mwaka 1949 alipiga .342 na akatangazwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi hiyo. Mwaka 1955 Dodgers walichukua ubingwa wa dunia, wa pekee walioupata wakiwa Brooklyn. Kwa miaka yake 10 na Dodgers alicheza michezo 1,382, akapata mipigo salama 1,518, na wastani wake wote ulikuwa .311. Mwaka 1962 aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli, mtu mweusi wa kwanza kufika humo.

Doa la mwaka 1949

Hatuandiki maulidi hapa, tunaandika maisha ya mtu. Mwaka ule ule wa mafanikio makubwa, Julai 1949, Robinson aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alitakiwa ampinge Paul Robeson, mwimbaji na mcheza michezo ya kuigiza, mtu mweusi mashuhuri aliyekuwa akiisema serikali yake hadharani. Robinson alikwenda. Alitumia nafasi hiyo kuushambulia ubaguzi pia, lakini kilichobebwa na magazeti ni kwamba mweusi mmoja amemkana mweusi mwenzake. Robeson alikwishaanza kufungiwa milango, na mwaka 1950 akanyang'anywa pasipoti. Mwishoni mwa maisha yake, katika kitabu chake cha mwaka 1972, Robinson aliandika kwa heshima juu ya Robeson na kuonyesha kwamba macho yake yalikuwa yameona zaidi.

Sisi tulioacha nchi zetu kwa sababu ya kalamu tunaijua mbinu hiyo. Wenye nguvu hawapendi kumpiga mnyonge kwa mkono wao wenyewe akiwepo mnyonge mwengine wa kumtuma. Robinson alitumiwa, na alichelewa kujua. Hilo nalo liandikwe katika safu ya makosa, kwa kipimo kile kile.

Nauli ya wanafunzi

Januari 1957 Robinson alitangaza kustaafu. Hakwenda kukaa barazani. Aliajiriwa kuwa makamu wa rais wa Chock full o'Nuts, kampuni ya kahawa na mikahawa ya New York, akishughulikia wafanyakazi, wengi wao wakiwa weusi. Akazunguka nchi nzima kuchangisha fedha kwa ajili ya harakati za haki za watu weusi, na akawa na safu yake gazetini.

Hapo ndipo anapoingia katika historia yetu. Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa nchi yake. Elimu ya juu kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki wakati ule ilikuwa ni Makerere, nafasi chache za Nairobi, au bahati ya kupelekwa Uingereza. Serikali ya kikoloni haikuupenda mpango wa Mboya. Vyuo kadhaa vya Marekani vilikubali kutoa nafasi. Kilichokosekana ni nauli. Ikaundwa taasisi ya kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika, na barua ya kuwaomba Wamarekani michango ikatoka kwa saini za watu watatu: Harry Belafonte mwimbaji, Sidney Poitier mcheza sinema, na Jackie Robinson.

Watu wakatoa. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Wengi hudhani baba yake Barack Obama alikuwamo ndani yake. Hakuwamo. Yeye alikwenda Hawaii mwaka huo huo kwa njia nyengine.

Mwaka 1960 mpango ukapanuliwa, ukahusisha pia Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi nyengine, na fedha zikawa tatizo tena. Robinson wakati huo alikuwa akimuunga mkono Richard Nixon katika uchaguzi wa urais, akawasukuma watu wa Nixon waisaidie safari hiyo. Mboya naye, mwezi Julai, alikwenda kumwona John Kennedy, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Serikali ya Marekani, iliyokuwa imekataa kabla, ikajitokeza ghafla kutaka kulipa kiasi hicho hicho, na vijana wetu wakawa mpira wa kampeni. Lakini ndege ziliruka. Miongoni mwa waliokwenda mwaka huo ni msichana aitwaye Wangari, aliyesoma Kansas na ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai, mshindi wa Nishani ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Mpaka mpango unamalizika mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wameshasafiri.

Katika orodha za abiria wa ndege hizo, jina la Robinson halimo. Tunaoishi Oman tunaelewa vyema nini maana ya nauli ya mwanafunzi. Mwaka 1970 nchi hii nzima ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa, na ilipofunguka ilihitaji haraka walimu, wauguzi na makarani. Wengi walioziba nafasi hizo walikuwa watoto wa Zanzibar na wa mwambao, waliokwisha kusomeshwa kwengine kwa fedha za wazee, za ndugu, au za wafadhili wasiowajua. Kila mmoja ana cheti chenye jina lake. Jina la aliyelipa nauli haliandikwi kwenye cheti.

Mwisho wake, na kahawa ya Mbozi

Miaka ya mwisho ya Robinson ilikuwa mizito. Kisukari kilimla macho na miguu. Juni 1971 mwanawe mkubwa, Jackie mdogo, alikufa katika ajali ya gari. Oktoba 15, 1972, alialikwa uwanjani Cincinnati kuadhimisha miaka 25 ya mchezo wake wa kwanza. Mtu aliyepewa sherehe kwa kawaida hushukuru na kuketi. Yeye alishukuru, kisha akasema mbele ya televisheni kwamba bado anangoja kumwona mtu mweusi akiwa meneja wa timu ya ligi kuu. Siku tisa baadaye, Oktoba 24, alifariki dunia nyumbani kwake Stamford, Connecticut. Alikuwa na umri wa miaka 53. Meneja mweusi wa kwanza, Frank Robinson, asiye na udugu naye, alianza kazi Cleveland mwaka 1975.

Mwanawe wa mwisho, David, aliyezaliwa mwaka 1952, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980. Aliingia ndani mpaka wilaya ya Mbozi, wakati huo mkoa wa Mbeya na siku hizi mkoa wa Songwe, akafyeka pori, akapanda mibuni, na akajiunga na wakulima wadogo wa huko ili kahawa yao iuzwe Marekani kwa jina lao wenyewe. Baba alikuwa afisa katika kampuni ya kuuza kahawa New York. Mtoto alikwenda kuilima kahawa yenyewe, pamoja na watu ambao majina yao huwa hayaandikwi kwenye pakiti.

Kuna karatasi moja zaidi. Mei 2024 ligi kuu ya besiboli iliingiza rasmi katika kumbukumbu zake hesabu za ligi za watu weusi za miaka ya 1920 hadi 1948. Robinson akaongezewa mipigo salama 49 ya mwaka 1945 aliyoipiga akiwa na Monarchs, na jumla yake ikawa 1,567. Josh Gibson, mpigaji mkubwa wa ligi hizo, akatangazwa kuwa na wastani wa juu kuliko mchezaji yeyote katika historia, .372. Gibson alikuwa amekufa Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia Ebbets Field. Hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja katika ligi ambayo leo anaongoza orodha yake.

Ilichukua miaka 77 tangu siku ya Ebbets Field kwa hesabu hizo kuandikwa. Hazikuwa zimepotea. Zilikuwamo katika magazeti ya watu weusi ya zama zile, yaliyochapwa kwa taabu na kusomwa na wachache, mpaka watafiti walipokaa wakazikusanya mchezo kwa mchezo. Sisi waandishi wa habari, na khasa tunaoandika mbali na kwetu, tulichukue hilo kama agizo. Anayeandika leo jina la mtu, tarehe na alichofanya, hajui ni nani atakuja kuitafuta karatasi hiyo baada ya miaka 77. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba akija, ataikuta.